Mbichi Klabuni, Mbivu Sokoni

Sehemu ya Tano

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, habari kwa kifupi ni hii. Mimi ni Edilio Peguero, mtoto wa mchota chumvi wa Las Salinas, kule Baní, kisiwani kwetu, na kazi yangu ni besiboli. Mwezi wa tatu, katika mechi za kujipima za klabu ya Providence, huku Marekani, hakuna mrushaji aliyeninyima usingizi. Nilipiga kila mpira walionitupia. Siku ya kutangaza kikosi nikaitwa ofisini, nikaambiwa nirudi timu ya chini, Harlan Falls, Ohio, nikajifunze kucheza nje upande wa kushoto, kule mbali wanakodakia mipira ya juu. Mimi, mtu wa beisi ya tatu tangu utotoni.

Kabla ya hapo walikuwa wameniwekea mkataba mezani. Miaka minane kwa bei ya kutupa, na nikisaini napanda klabu kubwa siku hiyo hiyo. Nilikataa. Sikukataa peke yangu. Tanner Hruska, mcheza beisi ya kwanza kutoka Nebraska, ambaye tunapanga naye nyumba moja, naye alipewa wa kwake akakataa. Tukapeana mikono juu ya sahani za mayai kwamba hakuna atakayesaini bila mwenzake.

Hapo ndipo nilipowaacha. Kama mlinihurumia wiki ile, mliharakisha.

Niwaeleze kwanza jambo ambalo kila mchezaji analijua na hakuna mwenye klabu anayelikiri. Siku unazokaa klabu kubwa zinahesabiwa. Ukitimiza miaka sita uko huru, unakwenda utakako na unataja bei yako mwenyewe. Kwa hiyo wanakuchelewesha wiki chache mwanzoni mwa msimu ili mwaka ule usitimie, nao wabaki na wewe mwaka mwingine mzima kwa bei chee. Hawawezi kulisema hilo waziwazi, chama cha wachezaji kitawakaba. Basi wanakuambia hujui kudaka.

Nilijua kwamba wananichezea. Nisichojua ni nani alikuwa anacheza nao.

Kocha wetu wa Harlan Falls ni Gil Ostrander, mzee wa goti bovu ambaye hakuwahi kufundisha klabu kubwa hata siku moja. Aliniita mwanangu. Sikukuu ya Shukrani mwaka jana nilikula bata mzinga nyumbani kwake, na mkewe alinifungia masalio kwenye bakuli. Kila asubuhi, kabla wenzangu hawajaamka, alisimama na goti lake lile akinipigia mipira ya juu, mimi nakimbia nikidaka.

Siku moja nilimvaa, nikamuuliza ananificha nini. Aliangalia nyuma yake kwanza.

"Vumilia mpaka wiki ya tatu ya Aprili, mwanangu," akasema. "Ile tarehe ikipita hawana sababu tena. Nimeongea nao mwenyewe."

Tarehe ikapita. Wiki nzima nilioga na simu ikiwa juu ya sinki. Hakuna aliyepiga. Wiki iliyofuata nikarudi kwake, na safari hii akakuna kidevu, akaniambia kwa upole kwamba asinifiche, huko nje kushoto bado mimi ni mbichi. Hatua yangu ya kwanza inachelewa, mpira ukipigwa nasimama kidogo ndipo niondoke.

Mimi mjinga nikaamini. Nikawa nabaki uwanjani wenzangu wakienda kula, nafanya mazoezi ya hatua ya kwanza peke yangu. Wasafisha viti walikuwa wananicheka.

Sasa tuje Jumatano.

Jumatano ile ilikuwa mechi ya asubuhi, ya watoto wa shule. Wanaletwa kwa mabasi ya njano, wanajaza uwanja, wanapiga kelele kwa kila kitu, hata kwa mtu anayefagia. Hruska hakupangwa. Alisema mgongo unambana. Alikaa mwisho wa benchi akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda, kimya, na yeye si mtu wa kimya.

Raundi ya nne niligonga mpira ukapiga ukuta wa kulia, nikafika beisi ya pili nimesimama wima, na mwenzetu mmoja akaingia nyumbani, tukapata pointi. Raundi ilipoisha nikachukua glavu niende zangu kushoto. Kocha Ostrander akanishika mkono.

"Kaa," akasema.

Nikamwambia sijaumia. Akasema anajua.

Hapa ni lazima mwelewe desturi yetu. Mtu mzima wa afya akitolewa katikati ya mechi, maana yake ni moja kati ya mbili: amepandishwa au ameuzwa. Na hakuna anayeruhusiwa kutamka ni ipi mpaka wakubwa wamalize kupigiana simu. Basi benchi zima linainuka, linamkumbatia. Wanakukumbatia kwanza, habari inafuata.

Walinikumbatia wote. Mrushaji wetu mmoja wa Kivenezuela alininyanyua juu. Mwingine alinimwagia kikombe cha maji kichwani. Hruska alikuja wa mwisho, akanishika kwa muda mrefu kuliko wote, na alipojiondoa macho yake yalikuwa yamelowa. Moyoni nikasema huyu ndiye ndugu, anayelia kwa furaha ya mwenzake.

Nikamgeukia kocha. Sikuuliza, nilimwangalia tu. Naye akafungua mikono, akanikumbatia mbele ya watoto wote wale.

"Nenda ukabadilishe nguo," akanong'ona. "Nitakufuata."

Jamani, ningoje nini tena? Nilikuwa nimepiga mpira ukutani dakika chache zilizopita. Tarehe yao ilikuwa imepita. Kocha ananikumbatia kama baba. Sikufikiria kabisa kwamba kuna jibu la pili. Sikuvua hata viatu, nikampigia mama.

Mama alikuwa dukani, kwenye foleni ya mkate. Nilipomwambia napanda, hakunijibu mimi, aliwajibu walio dukani. Nikasikia muziki unazimwa, halafu unawashwa tena kwa sauti kubwa zaidi. Mtu alinyang'anya simu akanitukana kwa furaha. Mama akairudisha sikioni, akasema anamtuma mwenye pikipiki akamtoe baba kwenye mashamba ya chumvi, na binamu yangu anayeuza tiketi za ndege yuko hapo hapo pembeni, anauliza ni mji gani.

Nikasema Providence.

Baba yangu alipata viza yake mwezi wa kwanza. Pasipoti ameifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuilaza chini ya godoro, akisubiri siku ambayo nitaingia uwanja wa klabu kubwa. Ni hilo tu analolitaka kutoka kwangu. Hajawahi kuniomba gari wala nyumba. Mwenyewe alikuwa mrushaji, aliwahi kusainiwa, akaachwa hata kabla hajapanda ndege. Tangu hapo anachota chumvi.

Nikakata simu nikiwa nacheka peke yangu. Kocha akaingia, akafunga mlango.

"Peguero," akasema. Hajawahi kuniita Peguero.

"Kocha."

"Umeuzwa klabu ya Boise. Wao wanatupa mrushaji wao wa mkono wa kushoto."

Sikuelewa. Nilimuuliza, kwa hiyo kule kwenye benchi alikuwa ananikumbatia kwa nini. Akasema kila anayeondoka anakumbatiwa, nimekaa kwenye kazi hii muda wa kutosha kulijua hilo. Kweli nilikuwa nalijua. Nimewakumbatia wengi mwenyewe, na wengine walikuwa wanalia.

Nikamwaga kila kitu. Nikamwambia mama ameshatangaza mtaa mzima, baba anatolewa kazini sasa hivi, tiketi ya Providence inakatwa na ni ile ya bei nafuu isiyobadilishwa. Nikamwambia nitaficha wapi uso wangu. Nilimwambia yote haya kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Akanipiga piga bega. Akasema nisiwapigie nyumbani kwanza, aongee na watu wa Boise, huenda akanisaidia. Akatoka akichechemea. Nikamwombea dua mzee wa watu.

Haikupita muda, simu yangu ikalia. Alikuwa Bwana Lindqvist, msaidizi wa mkuu wa Boise, mtu wa maneno mengi na matamu. Akanikaribisha kwenye familia. Akasema wamenitolea macho muda mrefu. Boise ni klabu dhaifu, haina wapigaji, kwa hiyo nikajipa moyo. Nikamuuliza najiunga na kikosi lini.

Akakohoa. Akasema kwa sasa nitakwenda timu yao ya chini, Yakima.

Nikauliza kufanya nini.

"Umecheza sana nje mwaka huu," akasema. "Beisi ya tatu tunaona bado mbichi. Tungependa ujifunze."

Nilicheka mpaka nikainama. Nilicheka kama mwehu, na yeye akacheka kidogo kwa adabu, asijue tunacheka nini. Nadhani alitaka kuniliwaza, ndipo akaongeza la kuongeza. Akasema nisiwe na wasiwasi na kiwango changu, Kocha Ostrander aliwahakikishia tangu Septemba ya mwaka jana kwamba niko tayari kwa klabu kubwa. Tayari kabisa, beisi ya tatu na kushoto pia.

Nikamwomba arudie. Akarudia, na nyongeza juu. Ostrander aliwaambia hajapata kuwa na kijana aliyekomaa namna hii, na asingesema vile wasingemtoa mrushaji wao.

Septemba. Mimi siku zote hizi nakimbizana na hatua ya kwanza peke yangu, na mtu aliyenituma alikuwa amekwisha kunisifia kwa wanunuzi tangu Septemba.

Nilimkuta kocha ofisini kwake. Mechi ilikuwa imekwisha, watoto wanarudishwa kwenye mabasi, yeye anakula mkate wa siagi ya karanga juu ya karatasi. Sikukaa. Nilimwambia nimeongea na Lindqvist na nimesikia habari za Septemba.

Hakukataa, na hilo nalo liliniuma. Nilitaka angalau ajitetee.

"Nikisema hapa kwamba uko tayari, inabidi wakupandishe," akasema. "Nikisema kule kwamba hauko tayari, bei yako inaanguka. Ulitaka niseme nini?"

"Ukweli."

"Ukweli niliwaambia Boise."

"Na mimi je, Kocha?"

Akafuta vidole, akaniangalia kwa macho yale yale ya siku ya bata mzinga na bakuli la masalio.

"Wewe hukuwa mnunuzi," akasema.

Akaendelea kuongea baada ya hapo. Akasema ana miaka miwili afikishe malipo yake ya uzeeni, akasema yeye anatumwa tu. Sikusikia vizuri. Muda wote ule nilikuwa napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nimegeuza shingo afikie vizuri. Niliwahi kumwambia mama kwamba huku Marekani nina baba wa pili. Ninapoandika haya, naona aibu.

Nikatoka kwenda kuchukua vitu vyangu. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimebaki na mtu mmoja. Hruska alikuwa anafunga begi. Si begi la mazoezi. Lile kubwa la safari.

"Mgongo umepona?" nikamuuliza.

Akafunga zipu. Kwenye kiti chake kulikuwa na suti mpya ndani ya mfuko wa plastiki. Timu ya chini hatuvai suti. Suti wanavaa wa klabu kubwa wakisafiri.

"Umesaini," nikasema.

"Kaka, nisikilize kwanza."

"Lini?"

"Jumatatu."

Jumanne tulikunywa kahawa pamoja. Jumanne alinikatia kipande chake cha nyama akaniwekea kwenye sahani yangu, akasema nahitaji nguvu za kudakia mipira kule kushoto. Nilimkumbusha hilo. Akakaa chini, akashika kichwa.

Akanieleza. Jumatatu walimwita wakamwambia nafasi ni moja na mkataba ni mmoja. Atakayesaini anapanda, atakayebaki anauzwa wakati bei yake ingali juu. Wakampa mpaka jioni. Nikamuuliza, na kuanzia mchana mpaka jioni simu yake ilikuwa imeharibika? Nyumba moja tunalala, tunatenganishwa na ukuta ambao nasikia akikoroma.

"Niliogopa ukijua utaniwahi," akasema. "Niambie kwa Mungu wako, usingesaini?"

"Nilikupa mkono, Tanner."

"Mkono na mimi nilikupa. Na mke wangu nilimwahidi mengine. Aisee, nina miaka ishirini na sita, mimi si wewe. Wewe ukiuzwa wanagombania. Mimi nikiuzwa nauzwa kwa nani?"

Akanyanyuka akataka kunikumbatia tena. Nilirudi nyuma mpaka nikagonga makabati. Nilimwambia kumbatio la asubuhi linanitosha, aliloniwekea machozi na kila kitu. Nilimwambia machozi yale nilidhani ni ya kwangu. Akabeba suti yake, akaburuta begi, akatoka. Alipofika mlangoni akaniambia kodi ya mwezi huu ameshalipa yote. Sijui alitaka nimshukuru.

Nikabaki peke yangu. Nililia, sitawaficha, nililia kwa taulo mdomoni ili wafua nguo wasisikie. Kuuzwa na klabu nakuelewa, klabu ni duka. Lakini mmoja wa hawa alinilisha na mwingine alilala upande wa pili wa ukuta wangu.

Simu ikalia tena. Lindqvist. Safari hii hakuzunguka.

Akasema wamefikiria upya. Wana mkataba, miaka minane. Akanitajia bei. Ilikuwa chini ya ile niliyoikataa mwezi wa tatu, na ile niliikataa kwa sababu ilikuwa matusi. Wakala wangu ameshauona, anasema uamuzi ni wangu. Nikisaini mchana huu siendi Yakima. Naingia klabu kubwa moja kwa moja.

Nikamuuliza beisi ya tatu nitakuwa nimejifunza saa ngapi.

"Utajifunzia huko huko," akasema, bila aibu yoyote.

Nikamwambia nipe siku mbili. Akasema kwa masikitiko kwamba haiwezekani, kwa sababu Ijumaa wanacheza ugenini na wanataka kunipanga. Halafu akalainisha sauti.

"Ijumaa tunacheza Providence, Edilio. Nasikia tiketi ya mzee wako ni ya huko huko, na haibadilishwi. Si itakuwa vizuri akukute uwanjani?"

Habari ya tiketi ile, upande huu wa bahari, nilimwambia mtu mmoja tu.

Kumbe huo ndio msaada alioniahidi kocha. Alikwenda akawaambia Boise mahali ninapoumia, wajue pa kubonyeza. Tangu Septemba aliniuza kwa sifa zangu, na mwishoni akaniuza kwa baba yangu. Nilishika simu kwa mikono yote miwili.

Kabla sijamjibu, simu ikaanza kunguruma sikioni. Mtu mwingine anapiga. Niliangalia, nikaona namba ya mama. Nikamwambia Lindqvist asubiri kidogo. Akasema atasubiri, ila ofisi inafungwa saa kumi na moja.

Hakuwa mama. Alikuwa baba, na baba yangu hapigi simu. Husubiri apewe ya mtu, aseme maneno matatu, airudishe. Nyuma yake nilisikia mtaa mzima ukiimba.

"Edilio," akasema polepole. "Mama yako ananilazimisha nivae viatu vya harusi. Mimi naona vitanibana kwenye ndege. Huko uwanjani wazazi wanavaa nini?"

Baba yangu anashinda na mabuti ya mpira kwenye maji ya chumvi. Viatu vya harusi amevivaa kwenye harusi yake na kwenye mazishi ya bibi.

"Vaa vya harusi, Baba."

"Haya."

Hakukata simu. Nikajua bado hajamaliza. Naye aliwahi kuambiwa na watu wa besiboli kwamba anapanda.

"Mwanangu, ni kweli lakini? Maana nimeshaaga kazini."

Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia akae viti vya upande wa beisi ya tatu, ataniona vizuri.

Kwenye laini ya pili Lindqvist alikuwa bado anasubiri.